Kuhamisha Cheti cha Sahihi ya Kidijitali kutoka Kompyuta Moja hadi Nyingine: Mambo Yampasayo Mhudumu wa Afya Kuyafahamu

Katika hospitali zetu muhuri wa daktari una heshima yake. Huandikwa jina, shahada na namba ya usajili, na mwenye nao huuweka mfukoni mwa koti jeupe au katika droo yenye kufuli. Hakuna anayehitaji kuelezwa sababu. Karatasi iliyogongwa muhuri huo humpatia mgonjwa dawa kwenye dirisha la famasi, humpa mfanyakazi ruhusa ya kupumzika nyumbani, humpeleka mtu katika chumba cha upasuaji. Kadiri majibu ya maabara, ripoti za patholojia, barua za rufaa na maagizo ya dawa yanavyohamia katika kompyuta, muhuri huo umepata ndugu asiyeonekana kwa macho, naye ni cheti cha sahihi ya kidijitali. Ndugu huyu ana nguvu kuliko mwenzake, lakini mara nyingi hutunzwa vibaya zaidi, hasa siku ile kompyuta ya zamani inapoondolewa mezani na mpya kuletwa.

Siku hiyo ndiyo hasa inayozungumziwa hapa. Fundi huja na kompyuta mpya, hunakili mafaili yote, na baada ya hapo daktari hugundua kwamba hawezi tena kutia sahihi. Huombwa cheti kihamishwe, kikahamishwa, kazi ikaendelea. Kompyuta ya zamani hupelekwa wodi nyingine au chumba cha mapokezi, nayo ikiwa bado imebeba kila kinachohitajika kumwezesha mtu yeyote kutoa majibu ya saratani kwa jina la daktari huyo.

Kitu gani hasa kinachohamishwa

Kwanza tuondoe utata mmoja. Picha ya sahihi iliyopigwa kwa skana na kubandikwa chini ya barua si sahihi ya kidijitali. Ni picha tu. Anayepokea barua hiyo anaweza kuikata na kuibandika kwenye barua nyingine kwa dakika moja, wala hakuna programu itakayomshtaki.

Sahihi ya kidijitali hutokana na jozi ya funguo mbili ambazo kwa hakika ni namba kubwa sana zenye uhusiano wa kihisabati. Mmoja ni ufunguo binafsi, unaobaki kwa mwenyewe. Wa pili ni ufunguo wa umma, unaoweza kupewa mtu yeyote. Lifungwalo kwa mmoja huthibitishwa kwa mwingine, lakini kuupata ufunguo binafsi kwa kuuchunguza ule wa umma ni hesabu ambayo kompyuta za leo haziwezi kuimaliza. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie pamoja na Martin Hellman nchini Marekani, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulitekeleza ambayo hadi leo huitwa RSA, kwa herufi za mwanzo za majina yao.

Daktari anapotia sahihi ripoti, programu huikokotoa ripoti nzima na kuifupisha kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Kwa mbinu ya SHA-256 mfuatano huo una alama 64 tu, iwe ripoti ni ya ukurasa mmoja au ya kurasa mia. Mfuatano huo ndio alama ya kidole ya waraka. Ukibadilisha dozi kutoka miligramu 5 kuwa miligramu 50, yaani ukiongeza sifuri moja tu, alama yote hubadilika. Ufunguo binafsi hutumika kuitia sahihi alama hiyo, na mpokeaji, kwa kutumia ufunguo wa umma, huthibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba waraka haujaguswa tangu utiwe sahihi, na kwamba aliyeutia sahihi alikuwa na ufunguo binafsi unaolingana.

Lakini ufunguo wa umma ni namba tu, haina jina. Hapo ndipo cheti kinapoingia. Cheti ni waraka mdogo wa kielektroniki, kwa kawaida wa mtindo wa X.509 uliowekwa kimataifa mwaka 1988, unaosema: ufunguo huu wa umma ni wa fulani, unaruhusiwa kwa matumizi haya, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Chini yake kuna sahihi ya mamlaka ya vyeti, yaani taasisi iliyomkagua mtu huyo na kuridhika kwamba ndiye.

Kwa hiyo tunaposema "kuhamisha cheti" tunatumia lugha ya mkato, na mkato huu huleta madhara. Cheti chenyewe si siri. Husafiri ndani ya kila waraka uliotiwa sahihi, na ukikidondosha barabarani hakuna hasara. Kinachohamishwa, na kinachopaswa kumnyima mtu usingizi, ni ufunguo binafsi.

Kuanzisha cheti kwa njia iliyo sawa

Mahali bora pa kuzalishia ufunguo binafsi ni pale utakapotumika: ndani ya kompyuta ya mwenyewe, au bora zaidi ndani ya kadi janja au tokeni ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Baada ya funguo kuzalishwa, kompyuta hutengeneza ombi la cheti lenye ufunguo wa umma na majina ya mwombaji, likapelekwa kwa mamlaka. Mamlaka humkagua mwombaji kwa kitambulisho na, inapobidi, usajili wake wa kitaaluma, kisha hurudisha cheti. Katika safari yote hiyo ufunguo binafsi haujatoka ulipozaliwa.

Zipo ofisi zinazofanya kinyume. Mtu wa kompyuta huwazalishia wafanyakazi wote funguo zao, huzifunga katika mafaili, na kuzituma kwa barua pepe zikiwa na nywila katika ujumbe uleule. Ni rahisi, na kila kitu hufanya kazi siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba sahihi ya namna hiyo si ya daktari peke yake. Ni ya daktari, ya mtu wa kompyuta, na ya yeyote anayeweza kuifikia seva ya barua pepe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kueleza ni lini sahihi ya kielektroniki ihesabiwe kuwa salama, inataka iwe imewekwa na mwenyewe au kwa njia iliyo chini ya udhibiti wake peke yake, na iunganishwe na waraka kwa namna ambayo badiliko lolote litaonekana. Hisabati inatimiza sharti la pili bila taabu. Sharti la kwanza halitimizwi na hisabati. Linatimizwa au kuvunjwa na mazoea ya ofisi.

Programu nyingi humruhusu pia mtumiaji kujitengenezea cheti mwenyewe bila mamlaka yoyote. Cheti hicho kinafaa kwa mazoezi, lakini nje ya ofisi ni sawa na mtu aliyekwenda kuomba kazi akiwa na barua ya utambulisho aliyojiandikia. Hata mamlaka nazo si malaika. Mwaka 2011 mvamizi aliingia katika mitambo ya kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi na kujitolea mamia ya vyeti vya uongo, kikiwemo cha tovuti ya Google. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa ikitegemea vyeti vya kampuni hiyo, iliondoa imani yake, na mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika.

Jambo jingine la kufahamu mapema ni kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na ghala zaidi ya moja la funguo. Windows ina ghala lake, na kompyuta za Apple zina lao. Firefox na Thunderbird kila moja hutunza ghala lake. Programu za kusomea nyaraka za PDF nyingi huweza kutumia ghala la mfumo au faili lililohifadhiwa peke yake. Mtu aliyeingiza cheti katika ghala la Windows kisha akafungua Thunderbird na asikione, hajakosea hatua. Ametazama ghala jingine.

Kabla ya kuhamisha, yapo maswali

Swali la kwanza, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hili: ufunguo huu ni wa kutia sahihi tu, au ni wa kufungulia siri pia? Watu wengi hulipita, na ndiyo sababu huhamisha kisichohitaji kuhamishwa na kufuta kisichofaa kufutwa.

Tuchukue ufunguo wa kutia sahihi. Ripoti zote alizozitia sahihi daktari mwaka uliopita zimebeba ndani yake cheti chenye ufunguo wa umma. Anayetaka kuzithibitisha leo hahitaji ufunguo binafsi hata kidogo. Ukiangamiza ufunguo huo asubuhi ya leo, ripoti za jana zinabaki kuwa halali kama zilivyokuwa. Kinachokoma ni uwezo wa kutia sahihi mpya. Maana yake, daktari anayepata kompyuta mpya hana lazima ya kuhamisha chochote. Anaweza kuzalisha jozi mpya ndani ya kompyuta mpya, kuomba cheti kipya, na kuliacha lile la zamani life mahali lilipo. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo njia inayostahili kuwa ya kawaida hospitalini, hata kama ina gharama ya ziada na kungoja siku kadhaa.

Ufunguo wa kufungulia siri ni habari nyingine kabisa. Iwapo wenzako walikuandikia barua pepe zilizosimbwa kwa ufunguo wako wa umma, mathalani wakijadiliana nawe kuhusu mgonjwa fulani, basi barua hizo haziwezi kusomeka bila ufunguo binafsi uleule. Ukiupoteza, barua zinageuka kuwa takataka zisizosomeka, na mamlaka ya vyeti haiwezi kukusaidia kwa kuwa haikuwahi kuwa nao. Cheti kipya hakisaidii pia. Kina ufunguo mwingine. Ufunguo wa aina hii ni lazima uhamishwe, na ni lazima uwe na nakala ya akiba iliyohifadhiwa mahali penye kufuli, hata baada ya muda wa cheti chake kwisha. Ndiyo maana taasisi makini hutoa vyeti viwili kwa mtu mmoja, kimoja cha sahihi kisicho na nakala popote, na kingine cha usiri chenye nakala iliyotunzwa. Ukiwa na cheti kimoja kinachofanya kazi zote mbili, utalazimika kukihamisha kwa sababu ya barua, na kwa kufanya hivyo utakuwa umehamisha pia uwezo wa kutia sahihi.

Swali la pili: ufunguo unakaa wapi? Ukiwa ndani ya kadi janja au tokeni, hakuna cha kuhamisha. Unasakinisha programu ya kuiwezesha kompyuta mpya kuisoma kadi, unachomeka, unaandika namba ya siri, basi. Kadi imeundwa isiuachie ufunguo utoke. Hesabu ya sahihi hufanyika ndani yake.

Swali la tatu ni iwapo ufunguo ulioko kwenye kompyuta unaruhusiwa kutoka. Siku ulipoingizwa katika Windows kulikuwa na kisanduku kidogo kilichouliza kama ufunguo huu uweze kutolewa baadaye. Kama hakikuwekwa alama, chaguo la kuutoa litaonekana limefifia na halibonyezeki. Wapo mafundi wanaojua kuuvunja ulinzi huo kwa programu maalumu. Wasiombwe. Ikiwa ni ufunguo wa sahihi, omba mpya.

Safari yenyewe

Tuseme majibu ya maswali hayo yameonyesha kwamba uhamisho ni wa lazima. Katika Windows, ghala la vyeti hufunguliwa kwa kuandika certmgr.msc katika sehemu ya kutafutia. Vyeti vya mwenyewe vimo katika kabrasha la kwanza. Kimoja kikiwa na ufunguo wake binafsi, alama ya ufunguo mdogo huonekana juu ya picha ya cheti, na ukikifungua utasoma maelezo kwamba unao ufunguo binafsi unaolingana nacho. Usipoona maelezo hayo, simama hapo. Una cheti kitupu, na ukikihamisha utakuwa umehamisha karatasi bila kalamu.

Unapochagua kukitoa, utaulizwa kama ufunguo binafsi uende pamoja nacho. Jibu ni ndiyo. Hapa ndipo wengi hupotea: wakijibu hapana hupata faili lenye mwisho wa .cer, ambalo ni cheti cha umma peke yake, na kwenye kompyuta mpya litaingia bila malalamiko yoyote kisha likakataa kutia sahihi. Faili linalotakiwa lina mwisho wa .pfx au .p12. Ni mambo yaleyale kwa majina mawili, na mtindo wake huitwa PKCS#12. Ndani yake hukaa ufunguo binafsi, cheti, na vyeti vya mamlaka vilivyo juu yake. Wekea alama sehemu inayosema vyeti vyote vya mnyororo viingizwe. Vikikosekana, kompyuta mpya inaweza kukitilia shaka cheti chenyewe.

Kisha utaombwa nywila. Hii si nywila ya kompyuta wala ya cheti. Ni ya faili hilo tu, na ndiyo ukuta pekee kati ya ufunguo wako na mtu atakayeliokota faili. Jina la hospitali pamoja na mwaka halifai. Sentensi ndefu isiyotabirika, ya maneno matano au sita yasiyohusiana, hufaa zaidi na hukumbukika.

Kwenye hatua hiyohiyo matoleo mapya ya Windows huuliza faili lisimbwe kwa mbinu gani: ya kisasa, inayoandikwa AES256-SHA256, au ya zamani, inayoandikwa TripleDES-SHA1. Ya kisasa ndiyo bora. Lakini jihadhari na kisa kimoja kinachowasumbua hata mafundi. Kompyuta ya zamani isiyoifahamu mbinu ya kisasa haisemi kwamba haifahamu. Husema kwamba nywila si sahihi. Mtu huandika nywila mara kumi, huanza kujitilia shaka, humlaumu aliyetuma, na mwishowe huchagua nywila nyepesi ya herufi nne ili asikosee. Kumbe nywila ilikuwa sawa tangu mwanzo. Dawa ya hapo ni kuisasisha kompyuta inayopokea, au ikishindikana kabisa, kutoa faili upya kwa mbinu ya zamani na kuliangamiza mara baada ya matumizi.

Faili libebwe kwa mkono, kwa flashi iliyo mpya au iliyosafishwa, kutoka meza hii hadi meza ile. Lisitumwe kwa WhatsApp. Lisitumwe kwa barua pepe. Nakala yake itabaki katika simu, katika seva, katika akiba ya seva, na pengine katika simu ya mtoto aliyeazimwa kuchezea. Ikibidi litumwe mbali, nywila ipitie njia nyingine, kwa mfano kwa simu, mtu akimtamkia mwenzake.

Kwenye kompyuta mpya, kubonyeza faili mara mbili huanzisha uingizaji. Visanduku viwili vinahitaji uamuzi. Cha kwanza huwasha ulinzi imara, ambao huifanya kompyuta iombe ruhusa au nywila kila ufunguo unapotumika. Kiwekee alama, hata kama kitakuchosha. Cha pili ndicho kile cha kuruhusu ufunguo utoke tena siku za usoni. Kwa ufunguo wa sahihi, kiache kitupu.

Kisha jaribu. Andika waraka usio na maana, uutie sahihi, na uupeleke kwa mtu mwingine authibitishe kwenye kompyuta ya tatu, maana kompyuta yako huenda inakiamini cheti kwa sababu tu ulikiingiza mwenyewe. Majaribio yakifeli kwa sababu zisizoeleweka, tazama saa. Kompyuta za zamani, betri yake ndogo ya ndani ikifa, hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na kompyuta inayodhani kwamba sasa ni miaka kadhaa iliyopita itakuambia kwamba cheti chako bado hakijaanza kutumika. Kwa kuikubali lugha yake, inasema kweli.

Kinachobaki nyuma

Kuhamisha, katika kompyuta, kwa kawaida ni kunakili. Ufunguo uliotoka bado upo ulikotoka. Baada ya jaribio kufaulu kuna sehemu nne za kusafisha: ghala la kompyuta ya zamani, faili la .pfx kwenye kompyuta hiyo, faili hilohilo kwenye flashi, na nakala iliyowekwa kwenye kompyuta mpya wakati wa kuingiza. Kulitupa faili kwenye pipa la taka la kompyuta hakulifuti. Hata pipa likimwagwa, data hukaa mpaka nafasi yake iandikwe juu, na katika flashi na diski za kisasa zisizozunguka, kuandika juu hakumaanishi kwamba mahali paleplae ndipo pameandikwa. Kompyuta inayopelekwa idara nyingine ifutwe yote na kusakinishwa upya na kitengo cha kompyuta. Flashi ya bei ya chakula cha mchana inaweza kuvunjwa kwa nyundo bila majonzi.

Kompyuta ikiibwa kabla ya usafi huo, hatua ni moja: mamlaka ya vyeti ijulishwe ili ikibatilishe cheti. Namba yake itaingizwa katika orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, ambayo programu za uthibitishaji huisoma. Hapo huzuka swali la haki: ripoti mia tatu alizotia sahihi daktari huyo kwa uaminifu kabla ya wizi zitakuwaje? Programu haiwezi kuamini saa ya kompyuta ya mtiaji sahihi, maana mwizi anaweza kuirudisha nyuma. Jibu ni muhuri wa wakati: seva ya taasisi nyingine inayoaminika huitia sahihi alama ya waraka pamoja na saa na tarehe, wakati uleule daktari anapotia sahihi. Waraka wenye muhuri huo huonyesha kwamba sahihi ilikuwapo kabla ya kubatilishwa. Vyeti vingi huishi mwaka mmoja hadi mitatu, lakini jibu la kipimo cha tishu laweza kuhitajika mgonjwa atakaporudi baada ya miaka kumi. Mfumo wa hospitali usioweka muhuri wa wakati unatengeneza kumbukumbu ambazo baadaye hazitathibitika.

Estonia, nchi ambayo madaktari wake wameandika dawa kwa njia ya kidijitali tangu 2010, ilipata somo gumu mwaka 2017. Watafiti wa chuo kikuu cha Masaryk nchini Cheki waligundua kasoro katika namna vipande vya kampuni ya Infineon vilivyozalisha funguo za RSA: kwa vitambulisho vilivyotumia vipande hivyo, ufunguo binafsi uliweza, kwa gharama, kukokotolewa kutoka ule wa umma. Vitambulisho zaidi ya 700,000 viliguswa. Mwanzoni mwa Novemba serikali ilisimamisha vyeti vyake, na wahudumu wa afya wakawa miongoni mwa waliopewa nafasi ya mbele kusasisha. Funguo za zamani hazikuhamishwa kwenda popote. Kadi ileile ilizalisha funguo mpya za aina nyingine, zikapewa vyeti vipya, na wengi walifanya hivyo wakiwa nyumbani au kazini. Nchi nzima ilibadilisha kalamu bila mtu yeyote kunakili kalamu ya zamani.

Kompyuta moja, watu kumi

Yote yaliyosemwa yanadhania kwamba daktari ana kompyuta yake. Wodini hali ni tofauti: kompyuta moja kwenye meza ya wauguzi, watu kumi kwa zamu tatu, na foleni isiyosubiri mtu atoke katika akaunti yake na mwingine aingie. Mtu wa zamu ya asubuhi huacha akaunti wazi, wa jioni huendelea ndani yake, na majibu hutoka kwa jina la aliyekwisha kwenda nyumbani. Si haki kuwalaumu wahudumu peke yao. Mfumo unaomwomba mtu nywila ndefu mara arobaini kwa zamu moja umejipangia mwenyewe kuvunjwa. Kadi janja ndiyo tiba inayolingana na mazingira hayo, kwa kuwa mtu huichomoa akiinuka na kuondoka na ufunguo wake shingoni.

Aidha, si kila jibu linahitaji sahihi ya mtu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 910 ya mwaka 2014 hutofautisha sahihi, ambayo ni ya binadamu, na muhuri wa kielektroniki, ambao ni wa taasisi. Hesabu ya chembechembe za damu inayotoka moja kwa moja kwenye mashine inaweza kubeba muhuri wa maabara, wenye ufunguo uliotunzwa katika seva iliyolindwa. Ripoti ya patholojia, ambayo mtu ametazama kwa hadubini na kuamua, ibebe sahihi ya aliyeamua. Tofauti hiyo ikiwekwa, mafaili ya .pfx ya madaktari hayatakuwa na sababu ya kuzungukazunguka katika kompyuta za maabara.

Vilevile mtu anapohama kituo au kustaafu, cheti chake cha kazi hubatilishwa siku hiyohiyo, kama ufunguo wa ofisi unavyorudishwa. Atakayekalia kiti chake huzalisha jozi yake mwenyewe na kuomba cheti kwa jina lake. Ufunguo wa siri uliotumika kusimba mawasiliano ya wagonjwa, ikiwa upo, hukabidhiwa kwa kitengo kinachotunza kumbukumbu kwa maandishi yenye tarehe, namba ya cheti na majina ya waliokabidhiana, na nywila ya faili lake hukaa katika bahasha tofauti iliyofungwa.